Mkate wa Mayai wa Matabaka kwa Embe na Krimu

Mkate wa mayai ni keki ya Waswahili wa pwani isiyotiwa siagi. Vitu vyake ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki, na kinachouumua ni hewa iliyonaswa ndani ya mayai yaliyopigwa sana. Kwa kawaida huliwa mkavu, kwa chai au kahawa, juu ukiwa na zabibu chache. Ukikatwa matabaka na kujazwa krimu na embe, mkate huohuo huwa kitindamlo cha miezi ya joto, Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na maembe yamejaa sokoni.

Sababu ya kuuchagua badala ya keki ya siagi inatokana na krimu. Krimu haivumilii joto la nyuzi 30. Lazima kitindamlo kizima kiingie kwenye friji na kikae humo hadi wakati wa kuliwa. Keki ya siagi ikiingia kwenye friji, siagi iliyomo huganda, na keki iliyotoka jikoni laini huwa ngumu na yenye kumeguka ovyo. Mkate wa mayai hauna cha kuganda. Hubaki laini ukiwa baridi, na kwa kuwa ni mkavu, wenye vitundu vingi vidogo, hunywa shira bila kugeuka uji. Wengi huoka keki ya siagi kwa mazoea, kisha lawama zote huangukia friji.

Vipimo vya mkate ni rahisi kukumbuka: kwa kila yai kubwa, gramu 30 za sukari na gramu 30 za unga. Chombo cha duara chenye upana wa sentimita 23 huhitaji mayai 5, sukari gramu 150 na unga gramu 150, pamoja na nusu kijiko cha chai cha iliki na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Mayai ya kuku wa kienyeji ni madogo, kwa hiyo 6 au 7 hushika nafasi ya hayo 5. Iliki iwe ya kutwangwa siku hiyohiyo na maganda yaondolewe. Iliyosagwa zamani hubakiza rangi tu. Kwa kujazia huhitajika nusu lita ya krimu, maembe ya uzito wa kilo moja na robo hivi, pasheni 6, ndimu 1, na sukari nyingine ya gramu 120 ya kugawanya kati ya shira, rojo na krimu.

Mayai hutolewa kwenye friji mapema. Hupasuliwa ndani ya bakuli kubwa pamoja na sukari yote na chumvi, na bakuli huwekwa juu ya sufuria yenye maji yanayofuka bila kuchemka, kitako chake kisiguse maji. Hukorogwa mfululizo mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu kwa kidole, kwenye nyuzi 40 hivi. Yai vuguvugu hulegea na kunasa hewa haraka kuliko yai la baridi, na sukari huyeyuka yote. Moto usizidi hapo, kwani kwenye nyuzi 60 na kitu yai huanza kuiva na kushika pembeni ya bakuli.

Bakuli likiondolewa motoni, kazi ni kupiga. Kwa mashine ya umeme huchukua dakika 8 hadi 10. Kwa mchapo wa mkono huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo, na ndiyo maana zamani kazi hii ilikuwa ya kupokezana. Rangi hugeuka kutoka manjano hadi karibu na nyeupe, na ujazo huongezeka mara tatu. Kipimo cha kuaminika ni utepe: mchapo ukiinuliwa, mchanganyiko hudondoka kama utepe, na utepe huo hubaki juu ukionekana kwa muda wa kuhesabu hadi sita kabla ya kuzama. Ukizama mara moja, kupiga kuendelee. Hakuna hamira ya unga wala kitu kingine kitakachosahihisha baadaye.

Unga huchekechwa mara mbili, kisha hutiwa kwa mafungu matatu, kila fungu likinyunyizwa juu ya povu. Hapo mashine huwekwa kando. Mwiko mpana hushuka katikati, hupita kwenye kitako cha bakuli na kupanda ubavuni, huku mkono wa pili ukizungusha bakuli. Unga mkavu hupenda kujificha chini kabisa, ukafanya tonge ambalo huonekana mkate ukikatwa tu. Kwa hiyo mzunguko wa mwisho upite kitakoni kwa makusudi. Mikunjo ikizidi, hewa hutoka na mkate hukaza.

Chombo cha kuokea hutandikwa karatasi chini tu. Ubavuni hakipakwi mafuta, kwa sababu mkate huu hupanda kwa kushika ukuta; ukuta ukiteleza, katikati hubonyea. Oveni iwe imekwisha kupata moto wa nyuzi 175. Mkate huiva kwa dakika 28 hadi 32, na mlango haufunguliwi katika dakika 20 za mwanzo. Ukibonyezwa kidogo kwa kidole na kurudi wenyewe, umeiva. Mara unapotoka, chombo huinuliwa kiasi cha upana wa kiganja na kuangushwa mezani mara moja. Mshtuko huo huutoa mvuke wa moto kwenye vitundu, na mkate hausinyai sana. Kisha hupinduliwa juu ya waya na kuachwa upoe hivyohivyo kichwa chini, na kisu hupitishwa ubavuni kuutoa.

Kwa mkaa, namna ya kale bado inafaa: sufuria nene yenye mchanga mkavu chini hupashwa moto robo saa, chombo cha mkate huwekwa juu ya vijiwe ndani yake, na mfuniko bapa hupakiwa makaa. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwani wa chini unaongezwa nguvu na mchanga. Asiye na kipimajoto anaweza kunyunyiza unga kwenye kibati na kukiingiza ndani kwa dakika chache: ukigeuka rangi ya hudhurungi isiyokolea, moto unafaa, ukikolea na kutoa harufu ya kuungua, makaa yapunguzwe.

Mkate wa kukatwa matabaka ni bora ulale usiku mmoja, umefungwa vizuri. Mkate wa moto huchanika. Kwa kuukata, alama ya kina cha sentimita moja huchorwa kwa kisu kuzunguka ubavu, uzi wa kushonea huzungushwa ndani ya alama hiyo, ncha zake hupishanishwa na kuvutwa. Uzi hukata sawasawa kuliko kisu kilicho mikononi mwa mtu asiye na mazoea. Matabaka matatu yanatosha; manne huwa membamba mno na huvunjika yakinyanyuliwa.

Embe huamua ladha ya kitindamlo kuliko kitu kingine chochote. Linalotakiwa ni lililoiva kwa harufu bila kulainika: likinuswa kwenye kikonyo linanukia, likibonyezwa mabegani linakubali kidogo, lakini halibonyei. Embe la kula kwa kunyonya limepita kiwango, kwa maana likikatwa huachia maji. Ngowe la pwani ya Kenya na embe la tufaha hupendwa kwa kazi hii kwa sababu nyama yake ina nyuzi chache sana. Dodo lina harufu nzuri, ila nyuzi zake hutofautiana mti kwa mti, na mnunuzi hana budi kuonja moja kabla ya kununua fungu. Maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi yasidharauliwe: mara nyingi ndiyo yenye ladha kali, na mahali pake ni kwenye rojo, linalochujwa.

Namna ya kukata ina maana yake. Nyuzi za embe hutoka kwenye kokwa. Shavu la embe likishatolewa na kumenywa, hulazwa kwa upande wa bapa na kukatwa kwa mapana, vipande vya unene wa nusu sentimita, ili nyuzi zikatike fupi. Likikatwa kwa marefu, nyuzi hubaki nzima, na kisu cha kugawia kitalivuta embe lote nje ya mkate badala ya kulikata. Vipande huwekwa kwenye chujio juu ya bakuli kwa nusu saa vijichuje. Havitiwi sukari hata kidogo wakati huo, kwa kuwa sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda, na maji hayo ndiyo adui wa krimu.

Theluthi ya embe, pamoja na nyama iliyobaki kwenye kokwa, hupondwa na kuchujwa iwe rojo. Hutiwa sukari gramu 30, maji ya nusu ndimu, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi wa dukani uliokorogwa kwa maji kidogo ya baridi, na maji ya pasheni 3. Huchemshwa kwa moto mdogo, likikorogwa, mpaka liwe zito na kijiko kikipitishwa kwenye kitako cha sufuria kiache njia. Likipoa hushika kama jamu laini. Kazi yake ni kuingia kati ya mkate na vipande vya embe na kuvizuia visiteleze. Pasheni ndiyo yenye uchachu; bila ya hiyo, embe, sukari na krimu kwa pamoja hukinaisha baada ya vijiko vitatu. Pasheni iliyokunjamana ganda ndiyo tamu, na ile nyororo inayong'aa mara nyingi haijafika.

Shira ni maji mililita 100 na sukari gramu 50, yaliyochemka dakika mbili na kupozwa, kisha yakatiwa maji ya pasheni moja.

Krimu ndiyo inayoharibika zaidi katika nyumba za pwani, na kwa kawaida huharibiwa na joto kabla mkono haujakosea. Ndani ya krimu mna vitone vidogo mno vya mafuta. Ikipigwa, vitone hivyo hugongana, ngozi zake hupasuka, navyo hushikana kuzunguka mapovu ya hewa vikayajengea ukuta. Ukuta huo husimama ikiwa mafuta yameganda nusu tu, jambo linalowezekana kwenye baridi. Krimu ikitoka kwenye friji ikiwa nyuzi 4 au 5 hupigika vizuri. Ikizidi nyuzi 10 hushindwa haraka. Na katika joto la chumba la Dar es Salaam mwezi wa Februari, hata iliyokwisha kupigwa vizuri hulainika.

Inayotakiwa ni krimu yenye mafuta asilimia 35 hivi, na kiasi hicho huandikwa kwenye pakiti. Ile ya kupikia, yenye asilimia 20 hivi, haipigiki hata siku nzima. Malai yanayokusanywa juu ya maziwa yaliyochemshwa nayo hayapigiki, kwa kuwa mafuta yake yamekwisha kushikana kwa moto. Ni mazuri kupakwa juu ya mkate mkavu, si kujazia. Krimu nyingi za pakiti hutiwa karajinani ili mafuta yasijitenge, dawa inayotolewa kwenye mwani wa aina zilizoanza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani, Unguja, mwaka 1989. Kuna pia krimu ya mafuta ya mimea. Hiyo huvumilia joto, huumuka zaidi, na mara nyingi huja na sukari yake. Lakini huacha utando kinywani, na embe zuri halistahili hilo. Tui zito la nazi hutajwa kama badala ya krimu kwa wasiotumia maziwa. Likipoa sana hupigika, ila mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo wakati wa kaskazi halina maisha nje ya friji.

Bakuli la chuma na mchapo huingizwa kwenye friza kwa dakika 20. Bakuli hilo huketishwa ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, maji na konzi ya chumvi, kwa kuwa chumvi hushusha joto la barafu zaidi. Kazi ifanywe asubuhi mapema au usiku, mbali na jiko lililowaka. Krimu hupigwa polepole mpaka itoe povu, kisha kwa kasi ya wastani. Sukari gramu 40 na arki kidogo ya vanila huingia mchapo unapoanza kuacha alama. Huachwa mapema: mchapo ukiinuliwa, kilele kisimame na ncha yake iiname. Kuipaka kwa kisu juu ya mkate ni kuendelea kuipiga, na iliyokwisha kusimama kabisa bakulini hugeuka chengachenga ikifika kwenye tabaka la tatu. Chenga zikianza kuonekana, vijiko viwili vitatu vya krimu ya maji vikikunjwa kwa mkono huirudisha. Ikijitenga ikatoa maji, hiyo ni siagi, na itumike kama siagi.

Kwa kitindamlo kitakacholiwa nyumbani dakika chache baada ya kutoka kwenye friji, krimu tupu inatosha. Kitakachosafirishwa au kusubiri wageni kinahitaji msaada. Jeleti gramu 5 hulowekwa kwa vijiko viwili vya maji ya baridi dakika 5, huyeyushwa juu ya maji ya moto, hupozwa hadi uvuguvugu wa mwili, huchanganywa kwanza na vijiko vichache vya krimu, kisha huingizwa kwenye nusu lita inayopigwa. Jeleti hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, kwa hiyo Mwislamu hutafuta ya ng'ombe yenye alama ya halali. Agari, inayotokana na mwani, haina tatizo hilo, lakini haiwezi kuingia kwenye krimu: ni lazima ichemke ili iyeyuke, na huanza kuganda kwenye nyuzi 40 kushuka chini, hivyo ikigusa krimu baridi hugeuka vijinyuzi papo hapo. Agari itumike kwenye rojo.

Njia ya pili, na kwa joto la pwani ndiyo bora, ni kastadi. Unga wa kastadi usio na mayai uliundwa na mfamasia Alfred Bird wa Birmingham mwaka 1837, na leo uko karibu kila duka. Maziwa robo lita, vijiko viwili vya chakula vya unga huo na sukari gramu 30 huchemshwa mpaka kastadi iwe nzito kuliko ya kunywa, hufunikwa karatasi ya plastiki iguse uso wake isifanye ngozi, na hupozwa kabisa kwenye friji. Hupigwa ilainike, kisha krimu iliyopigwa hukunjwa ndani yake. Wanga ulioiva hauyeyuki kwa joto kama mafuta, na mchanganyiko hushika umbo lake muda mrefu kuliko krimu peke yake. Weupe hupungua, lakini rangi ya manjano inakubaliana na embe.

Matunda mengine yanaweza kushika nafasi ya embe, kwa tahadhari. Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyokata protini. Vikikutana na jeleti huiyeyusha isigande tena, na vikikaa na maziwa huleta uchungu. Nanasi likichemshwa dakika chache huacha tabia hiyo. Plamu na stroberi za Lushoto hukaa vizuri. Tikiti maji halifai: ni maji matupu.

Kupanga huanza na sahani iliyokaa kwenye friji. Tabaka la chini huwekwa sehemu iliyokatwa ikitazama juu na hupakwa theluthi ya shira kwa brashi, ukingoni zaidi kuliko katikati, kwa sababu ukingo ndio uliokauka wakati wa kuoka. Hufuata rojo jembamba, kisha krimu ya unene wa sentimita moja, kisha embe. Vipande hupangwa bapa, vikibanana bila kupandana, na huishia sentimita mbili kabla ya ukingo. Nafasi hiyo huzungushiwa ukuta wa krimu. Tunda likifika ukingoni, uzito wa tabaka la juu hulisukuma nje, na keki nzima huanza kuinama upande mmoja. Krimu nyembamba hupakwa juu ya embe ili tabaka linalofuata lipate pa kushika, na mpango hurudiwa.

Tabaka la mwisho likishawekwa, kiganja hubonyeza juu kwa upole, na kitindamlo huingia kwenye friji nusu saa kabla ya kupakwa nje. Mapumziko hayo hurukwa na wenye haraka, kisha vipande vya mkate huonekana vikielea ndani ya krimu ya nje. Mapambo ni suala la macho ya mwokaji. Mbegu za pasheni na embe la juu viwekwe mwishoni kabisa, kwani baada ya saa mbili juisi huchora mistari juu ya krimu.

Friji ichukue saa 4 angalau, na usiku mzima ni bora, maana shira huenea na ladha hukutana. Kifunikwe, la sivyo krimu hunyonya harufu ya samaki na vitunguu. Kisu cha kugawia huchovywa maji ya moto na kufutwa kila kipande. Nje ya friji, Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri vyakula vinavyoharibika haraka, vya maziwa na mayai vikiwemo, visizidi saa 2, au saa 1 joto likipita nyuzi 32. Kwa harusi ya mchana pwani, kipimo ni hiyo saa 1. Njiani hubebwa ndani ya sanduku la barafu, sahani ikiwa juu ya kitambaa kilicholowa kisiteleze, na sanduku huwekwa sakafuni mwa gari badala ya kitini. Umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe.

Kilichopangwa huliwa ndani ya siku 2. Mkate mtupu, ukifungwa vizuri, hukaa kwenye friza mwezi mmoja. Uliokwisha kujazwa haugandishwi, kwa kuwa vipande vya embe vikiyeyuka humwaga maji yake yote.